Jeti Namba Arobaini na Tano

Mume wangu watu wanamwita Sikio, na jina hilo halikutokana na ukubwa wa masikio yake, ingawa hayo nayo hakunyimwa. Wanamwita hivyo kwa sababu haigusi pikipiki kabla ya kuisikiliza. Mteja akiingia gereji na kuanza kueleza, fundi inafanya hivi, fundi juzi ilifanya vile, Sikio humwinulia mkono anyamaze, kisha humwambia aiwashe. Anainama kidogo, anafumba jicho moja, sijui kwa nini moja, halafu anautaja ugonjwa. Mara tisa katika kumi anapatia. Ile ya kumi hununa na kudai kwamba pikipiki ndiyo iliyosema uongo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na ukitaka kujua alinipataje, alikuja kupunguza suruali, akasimama mlangoni pangu, akaniuliza cherehani hii ilitiwa mafuta lini mara ya mwisho. Mpaka leo sijui kama ile suruali ilikuwa ndefu kweli. Ndivyo alivyo. Akikupenda atakutengenezea kitu, na akikukasirikia atakitengeneza polepole. Maneno anayatoa kwa kijiko cha chai, na mimi nimegombana naye juu ya jambo hilo mpaka nikachoka, nikapumzika, nikaanza tena.

Tuna mtoto mmoja, binti. Alikulia gereji, ambayo iko nyuma ya nyumba, mabati manne juu ya nguzo, meza ya mbao iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na dirisha moja linalotazamana na chumba changu cha kushonea. Akiwa na miaka tisa alikuwa akiosha kabureta ndani ya kopo la maziwa. Akiwa na kumi na nne, baba yake alinunua pikipiki iliyoletwa ndani ya magunia, injini huku, tangi kule. Ilikuwa ile ya kupandia vilima na matope, nyembamba, ya tustroki, zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili, inayolia kwa hasira kuliko ukubwa wake. Wawili wale waliiunga kwa mwaka na nusu. Sikuwahi kumsikia Sikio akimwambia mtoto kwamba anampenda. Nilimsikia akisema, "Nipe spana ya..." na kabla hajataja namba, spana imeshafika mkononi. Nilikuwa nikiwatazama kupitia dirishani huku napiga pindo, na nitasema ukweli, niliwaonea wivu.

Alipomaliza chuo binti alipata kazi ya kupima mito. Kule alikopelekwa kuna bonde refu, na mtoni wamesimamisha miti yenye namba, mmoja hapa, mwingine mbali kule. Kila siku saa moja asubuhi mpimaji awe ameusoma wa kwanza, aandike maji yamefika wapi, kisha akimbilie unaofuata, na namba zile zitumwe makao makuu ili watu walio chini waambiwe kama mto unapanda. Njia ni za matope na mawe, gari haliendi. Binti akasema atakwenda na pikipiki yake.

Siku aliyotuletea habari hiyo, Sikio alisema, "Hongera." Basi. Akatoka kwenda gereji kupanga bolti. Kumbe wiki ile alikuwa ameshasafisha meza ya pili mle gerejini, ameipigia na rafu, meza ya nani kama si ya mtoto. Hakuitaja. Siku saba zilizofuata aliihudumia ile pikipiki kama anayemwandaa bibi harusi, akaipima kila asubuhi hapa uani petu, mahali ambapo hata alfajiri shuka linakushinda kwa joto. Ikawa inawaka kwa kiki ya kwanza. Siku ya kuondoka binti alikaa juu yake, kofia mkononi, akimtazama baba yake. Baba akasema, "Oili usikosee. Moja kwa thelathini." Mtoto akangoja kidogo pale getini, mimi nilimwona akingoja. Kisha akavaa kofia, akapiga kiki, akaenda.

Sikio ana sheria yake, hampigii mtu simu. Mwenye shida atapiga mwenyewe, ndivyo anavyosema, na amewafanyia hivyo wateja, ndugu zake na hata mama yangu mzazi. Kwa hiyo wiki mbili nzima alikaa na simu mfukoni akijifanya ameisahau. Mimi nilikuwa nampigia binti, lakini wakati wa mchana yuko njiani mtandao hamna, na jioni anapokea amechoka, majibu mafupi mafupi, nzuri mama, nimekula mama, nalala mama. Kwa hilo ni mtoto wa baba yake.

Wiki ya tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ya Sikio ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haijawaka?"

"Haijawaka. Hapa kuna baridi baba, maji yanauma vidole. Nimepiga kiki mpaka mguu unatetemeka."

"Iweke simu karibu niisikie."

Akaiweka. Tukasikia kiki, ile pumzi ya injini inayotaka na haitaki. Sikio akafumba jicho lake moja. "Funga mafuta ya mkononi kabisa, usivute hata kidogo. Vuta choki. Ilaze kushoto mpaka petroli idondoke kwenye mpira. Inadondoka? Iinue. Piga kiki tatu kabla hujawasha switchi. Haya. Sasa washa, piga moja, ya nguvu."

Ikakohoa, ikashika. Mlio ukajaa chumbani mwetu, nikakaa kitandani kwa mshtuko. "Asante baba, nachelewa!" Simu ikakatika. Sikio akabaki ameishika vile vile sikioni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu binti aondoke. Mimi nikamuuliza, "Amenisalimia?" Akasema, "Alikuwa na haraka."

Tangu siku hiyo simu ikawa ya kila asubuhi. Kukaa mezani na Sikio ni kusoma ufundi bila kuandikishwa, kwa hiyo tatizo nililijua. Kabureta ndiyo inayopimia injini hewa na petroli. Asubuhi ya baridi injini inataka petroli zaidi kidogo ili iamke, na petroli hiyo ya kuamkia inapita kwenye jeti ndogo, kijipande cha shaba kisichozidi ukucha, chenye tundu ambalo uzi wangu mnene haupiti. Iliyokuwemo ilikuwa namba arobaini. Kwa joto la uani petu ilitosha na kubaki. Kwa baridi ya bondeni ilikuwa ndogo. Sikio aliipima pikipiki ya mtoto anayekwenda mbali kwa hewa ya nyumbani, kosa ambalo angemtukania fundi mwingine yeyote.

Nilidhani basi anatafuta jeti ya namba kubwa zaidi na haijapatikana. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika kumcheka, maana alianza kuamka saa kumi na moja kamili, ananawa uso, anavaa shati la vifungo, anakaa mezani na chai kungoja simu. Nikamwambia, "Mzee, kwani anakuona?" Akafunga na kifungo cha juu. Simu ikilia anaiacha iite mara mbili ndipo aipokee, eti asionekane alikuwa anangoja. Dakika nne, tano. Skrubu ya hewa kaza robo. Plagi toa, ipanguse, ipashe moto kwenye jiko, rudisha. Mimi nasimama nyuma ya kiti chake nikingoja zamu yangu, injini inashika, mtoto anaondoka. Miezi mitatu nilisalimiwa mara tano. Nilihesabu, ndiyo, nilihesabu.

Kisha ikaja asubuhi moja mbaya. Dakika arobaini pikipiki imekataa. Sikio amejaribu kila kitu anachokijua, jasho linamtoka, na upande wa pili tulisikia mtoto akipumua kwa kilio.

"Pumzika kidogo, mwanangu, petroli imezidi sasa, iache ikauke."

"Siwezi kupumzika baba! Nikichelewa leo ni mara ya tatu. Wameshaniandikia barua mbili. Ya tatu wananiondoa, bado niko kwenye majaribio."

Hatukuwa tunajua habari ya barua.  Mtoto akasukuma pikipiki kwenye mteremko, tukasikia matairi yakikanyaga mawe, kiatu kikiteleza, kisha mlio. Alifika mtoni saa moja kasoro dakika mbili, alituambia baadaye kwa ujumbe. Siku ile Sikio hakunywa chai yake, na gerejini alimfokea mteja bila sababu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kununua zipu, nikapita dukani kwa mama wa spea, ambaye tunafahamiana kwa sababu namshonea. Akaniambia, huku anapima cheni ya mtu, "Na ile arobaini na tano ilimfaa binti?"

"Arobaini na tano ipi?"

"Jeti. Mumeo alinisumbua niagize, nikaagiza, akaja kuichukua siku ile ile. Ina muda sasa. Au haikuingia?"

Nikasema imeingia. Sijui kwa nini nilimfichia. Nilirudi nyumbani kwa miguu na zipu zangu, na kila hatua hasira ilinipanda, nikawa napanga maneno, yalikuwa maneno mazuri sana, yamenyooka.

Sikio alikuwa ameinamia sailensa. Nikamwambia, "Ile jeti iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile unayoijua wewe na mimi nimeijua leo saa tano."

Akajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Akavuta droo ya vipimo, akatoa kipakiti cha plastiki, akakiweka mezani mbele yangu. Kijipande kidogo cha shaba, safi, hakijawahi kuguswa na petroli.

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne."

"Miezi miwili na zaidi, mzee! Mtoto anavunjwa mguu na kiki kwenye baridi, anaandikiwa barua, na dawa yake imelala kwenye droo yako?"

"Barua sikujua."

"Na baridi? Baridi nayo hukujua?"

 Aliitazama meza ile ya pili, aliyomwandalia mtoto, ambayo mpaka wakati huo haikuwa imewekwa hata msumari juu yake. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza kweli na anataka ajibiwe, "Ikishawaka yenyewe, atanipigia kuniambia nini?"

Yale maneno yangu mazuri yaliondoka yote. Nilitaka kumwambia kwamba baba anapigiwa kwa kuwa ni baba, lakini nilikumbuka pindo nilizopiga nikiwatazama, miaka yote ile, spana na kopo la maziwa, na sikumbuki hata mara moja walipozungumza kitu kisicho na bolti ndani yake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezisimamia simu zile nyuma ya kiti nikiomba nibakiziwe neno moja, na sikuwahi kuuliza kwa nini jeti haiji. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, na nilikuwa na hamu ya mtoto wangu, vyote kwa pamoja pale kwenye harufu ya petroli.

Nikamwambia, "Utaifunga leo, na leo hii itaondoka na basi."

Akaifunga. Aliiviringisha kwenye kipande cha kitambaa changu, pakiti yake na yote, akaandika maelekezo kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa kuchonga. Alipofika mwisho alikaa na kalamu muda mrefu. Nikachungulia. Alikuwa ameandika, "Usikaze sana, shaba ni laini."

"Ongeza kitu," nikasema.

"Nimemaliza."

Jumapili saa tisa mchana binti akapiga. Mzigo umefika, ana bisibisi, pikipiki ameiegemeza ukutani nje ya chumba chake. Hiyo ndiyo simu ndefu kuliko zote tulizowahi kupata. Nilivuta stuli nikakaa kabisa. Funga koki ya tangi. Mwaga petroli iliyomo kwenye bakuli. Fungua skrubu nne, usipoteze hata moja, tandika shati chini. Inua floti polepole. Unaiona jeti kubwa katikati? Pembeni yake, shimoni, kuna ndogo. Binti akawa anacheka, akasema vidole vimesahau kazi, na Sikio akasema, "Vidole havisahau," na sauti yake ilikuwa laini, jamani, sauti ile nilikuwa nimeisikia mara mbili maishani. Akanisalimia hata mimi. Aliniuliza kama bado nashona sare za shule, nikamweleza habari ya mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuchukua nguo, akacheka sana. Ilikuwa kama yuko dirishani pale.

Kisha tukasikia plastiki ya pakiti ikichakarika.

"Baba, kwenye hii pakiti kuna tarehe."

Mama wa spea huandika tarehe kwenye kila kitu anachouza, asije mtu akarudisha kitu cha mwaka juzi. Sikio anaijua tabia hiyo kuliko mtu yeyote. Kama aliisahau au aliiacha makusudi, sijamuuliza, na sidhani nitamuuliza.

"Ndiyo," akasema.

"Ulikuwa nayo muda wote huu?"

"Nilikuwa nayo."

"Baba. Barua mbili."

"Najua."

Tukasikia kitu kikigonga chuma, mara moja, kikaacha. Nilimpiga Sikio kiwiko. Mweleze, nilimwambia kwa midomo, mweleze kwa nini. Yeye akawa anaifuta meza kwa kiganja. Mtoto ndiye aliyesema, kwa sauti ya mteja, "Skrubu ya hewa niirudishe mizunguko mingapi?"

"Ikaze mpaka mwisho, taratibu. Kisha rudisha mmoja na nusu."

"Haya. Asanteni."

Akakata. Ile "asanteni" ya mteja anayelipa na kuondoka Sikio alitembea nayo siku nzima. Mimi pia.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja kamili. Akanawa, akavaa shati, akakaa mezani. Nikaweka chai, nikakaa mbele yake, maana sikuona sababu ya kusimama nyuma ya kiti. Saa kumi na moja na nusu ikafika. Ikapita. Kumi na mbili kasorobo. Simu ilikuwa katikati ya meza, kimya, na nje watu walianza kufungua milango.

"Imewaka," nikasema.

"Au amekasirika," akasema.

"Au vyote viwili. Mpigie."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue shati barabarani. Miaka thelathini na moja, sheria ni sheria. Nikamsogezea simu kwa kidole. Aliiangalia mpaka chai ikaacha kutoa moshi, kisha akaichukua, akabonyeza. Iliita mpaka ikakatika. Akabonyeza tena, bila kuambiwa. Ikaita, ikakatika. Mara ya tatu alikuwa amesimama, na mkono wake wa pili umeshika ukingo wa meza.

"Baba?" Nyuma ya sauti injini ilikuwa inanguruma kwa utulivu, haikohoi, haisiti. "Niko njiani, sijafika mbali. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima."

"Nina dakika mbili tu baba, kuna nini?"

Niliona kifua chake kikijaa. Nilidhani, sasa. Jicho moja likafumba, kisha na la pili. Alikuwa hajui mtu anaanzia wapi. Upande wa pili mtoto akangoja, kama alivyongoja getini, kisha akapumua.

"Aa, unataka kuisikia," akasema, na hasira ilikuwa imempungua, au nilitaka iwe hivyo. "Haya, sikiliza."

Akaishusha simu kwenye injini. Mlio ukajaa jikoni kwetu, safi, mkali, akavuta mafuta ukapanda, akaachia ukashuka. Hapo ndipo Sikio aliposema. Alisema kwa sauti kubwa, wazi, sijawahi kumsikia akisema vile, "Mwanangu, nyumba imekuwa tupu. Nilikosa neno la kukwambia. Nilikuwa nataka tu unipigie. Rudi siku moja, hata kama pikipiki ni nzima." Aliyasema yote, mpaka mwisho, ndani ya mlio ule. Mimi niliyasikia kwa sababu nilikuwa hatua moja kutoka kwake.

Mlio ukasogea mbali, sauti ya mtoto ikarudi.

"Umeisikia, baba?"

"Nimeisikia."

"Iko sawa?"

"Iko sawa," akasema. "Nenda, utachelewa."